Morris ya Mosoti Haina Haraka

Ko-ko-ko-ko. Hiyo ndiyo sauti ambayo Nyabate anaikumbuka kuliko zote. Alikuwa jikoni akichambua mboga za managu, akasikia kitu kinabisha huko nje, taratibu, kwa adabu, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Akapangusa mikono kwenye leso, akaita, "Karibu! Mlango uko wazi!" Hakuna aliyeingia. Ko-ko-ko-ko. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya mtu ambaye chai yake iko tayari. Mwishowe akatoka mwenyewe kumwona huyo mgeni asiyejua kusukuma mlango. Uani hapakuwa na mgeni. Palikuwa na gari jeusi linalotetemeka, na ndani yake mumewe, Mosoti, ametabasamu hadi magego yanaonekana.

"Sasa unakaribisha gari ndani ya nyumba?" Mosoti akamcheka.

"Nilidhani ni mtu," Nyabate akajibu. "Na afadhali angekuwa mtu. Mtu hushiba."

Gari lenyewe lilikuwa Morris, limeundwa zamani sana Uingereza, lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Mosoti alilinunua kwa meneja mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akistaafu. Tangu siku hiyo Nyabate alilijua gari hilo kwa jina moja tu: mke mwenzangu. Aliwaambia majirani zake wa Kapsoit bila kuficha. "Mke mwenzangu ameoshwa leo, mimi bado." "Mke mwenzangu amenunuliwa mpira mpya, viatu vyangu mnaviona."

Mosoti mwenyewe hakuwa mtu wa makuu. Aliletwa Kericho kutoka Kisii akiwa mgongoni mwa mama yake, wazazi wake walipokuja kuchuma chai. Naye alipokua akachuma, mpaka ncha za vidole vyake zikageuka rangi ya kahawia ambayo sabuni haijaiondoa hadi leo. Kisha akapewa trekta la kukokota majani mabichi kutoka shambani hadi kiwandani. Na majani mabichi, kama hujui, ni kama mayai. Ukiyarusharusha njiani yanachubuka, yanageuka mekundu, na kiwandani wanakutazama kana kwamba umemwangusha mtoto. Kwa hiyo Mosoti alizoea kuendesha polepole tangu ujana wake, na upole huo ukapanda kutoka miguuni hadi kwenye maneno yake. Alipomwambia Nyabate kwamba anataka kumwoa, alianza sentensi hiyo wakiwa mtoni na kuimaliza wakiwa wamefika nyumbani.

Matatizo yalianza petroli yenye madini ya risasi ilipoondolewa nchini. Nchi nzima ilifurahi, maana moshi wake ulikuwa unawadhuru watoto. Mosoti peke yake alisimama kwenye kituo cha petroli, kofia mkononi, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Mmetoa nini?" akamuuliza mwuzaji.

"Risasi, mzee. Hii mpya haina."

"Na nani aliwaambia tunataka itolewe?"

Alikwenda moja kwa moja kwa rafiki yake Kepher, fundi wa magari katika gereji ya shamba la chai, mtu wa kutoka pande za ziwani, mcheshi na mwenye mikono mikubwa kama majembe. Lakini Kepher alikuwa amekwenda kwao kwa likizo. Basi Mosoti akaamua kufikiri mwenyewe.

Na mtu aliyeishi maisha yake yote katikati ya chai, akifikiri, hufikiri kwa njia ya chai. Kama petroli imetolewa risasi, akasema, basi itarudishiwa. Akaenda sokoni kwa mke wa Kepher, muuza samaki, akamwomba vile vyuma vya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame. Akavifunga ndani ya kipande cha kitambaa, akakaza kwa uzi, akavitumbukiza kwenye jerikeni la petroli, ncha ya uzi ikining'inia nje. Kisha akaliweka jerikeni nyuma ya nyumba, likolee.

Asubuhi Nyabate alimchungulia dirishani. Mosoti alikuwa amemimina petroli kidogo kwenye glasi, ameinua glasi kuelekea jua, jicho moja limefumba. Akanusa. Akatikisa kichwa.

"Bado nyepesi," akajiambia.

"Ongeza maziwa!" Nyabate akapiga kelele.

Alikoleza petroli yake hivyo mpaka Kepher aliporudi. Akaapa kwamba gari linakwenda vizuri zaidi, hasa ile petroli iliyolala usiku mzima. Kepher akaonyeshwa ule uzi unaoning'inia. Alikaa chini, palepale kwenye nyasi zenye umande, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yawa, Mosoti! Risasi si majani ya chai! Hata ukichemsha!"

"Mimi nilikuwa nangoja tu ikolee."

"Itakolea siku jiwe litakapotoa mchuzi." Kepher akajipangusa machozi, akaanza kumweleza. Ile risasi ya zamani ilichanganywa na petroli huko huko inakotengenezwa. Kazi yake moja ilikuwa kuzilinda siti za valvu, mahali ambapo valvu hukaa kila inapojifunga. "Ilikuwa kama mto wa kukalia. Sasa mto umeondolewa, na siti za gari lako ni chuma laini. Ukikimbiza injini, valvu zinapigapiga hapo bila mto, siti zinaliwa kidogo kidogo, mpaka gari linaishiwa pumzi."

Mosoti alisikia maumivu kwenye makalio yake mwenyewe.

"Nifanye nini?"

"Siku moja tutatia siti ngumu. Kwa sasa, usikimbize. Mlimani tumia gea ndogo na mguu mwepesi. Ukiona lori la chai linakupita, ujue unaendesha vizuri."

Huyo alikuwa amemwambia samaki aogelee. Kuanzia siku hiyo, mwaka baada ya mwaka, familia ya Mosoti ilipitwa na kila chenye magurudumu. Malori ya chai yaliwapita, matrekta yakawapita. Wakati mmoja, kwenye mlima wa kuingia Kericho, walipitwa na ng'ombe, na Nyabate alishuhudia kwamba ng'ombe huyo hakuwa na haraka yoyote. Kila alipolalamika, Mosoti alijibu neno lile lile: "Siti za valvu, Mama Kemuma."

Kemuma ndiye mtoto wao wa pekee. Alikuwa mdogo gari lilipofika, na siku ile ile baba yake alimketisha kwenye kiti cha nyuma, akamwapia kwamba siku ya harusi yake atampeleka kanisani kwa gari hilo. Mtoto alikubali kwa kutapika juu ya kiti.

Sasa Kemuma alikuwa mwalimu, na amepata mchumba, Gordon, kijana mpole anayefanya kazi ya ofisi huko Silibwet. Watu wa Gordon walipokuja kupanga harusi, walisema watatuma gari jeupe, jipya, lenye kiyoyozi. Nyabate alikuwa ameshafungua kinywa kuwashukuru.

"Nina gari," Mosoti akasema.

Wageni walitazama vikombe vyao. Nyabate alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, kisha akasimama mbele ya wageni wote na kutoa hukumu. Kanisa la Silibwet lilikuwa na pasta mmoja, na pasta huyo alikuwa ameeleza wazi: siku hiyo ana harusi nyingine Longisa, ikifika saa sita anawasha pikipiki yake na kuondoka, bibi harusi awepo asiwepo.

"Sawa, tutapanda mke mwenzangu," Nyabate akasema. "Lakini likimchelewesha mtoto wangu hata kidogo, Jumatatu linaenda kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mmesikia wote?"

Wote walikuwa wamesikia. Mosoti akasema sawa.

Siku ya harusi ukungu ulikuwa umelala juu ya chai kama blanketi. Wasimamizi wa bibi harusi walitangulia kwa basi dogo. Mosoti akafunga maua na utepe mweupe kwenye pua ya Morris, akawasha taa kwa sababu ya ukungu. Dirisha la nyuma halikuwa limefunga vizuri tangu Kemuma akiwa shule ya msingi. Ili gauni lisiingie vumbi na unyevu, Nyabate alimfunika binti yake kwa shuka jeupe. Naye Kemuma, ambaye mashangazi walimkesheza wakimpa mashauri ya ndoa yanayopingana, alijinyoosha kwenye kiti cha nyuma, akavuta shuka mpaka juu ya kichwa, akalala.

Basi, tazama gari hilo kama alivyoliona mtu aliyesimama kando ya barabara. Jeusi, refu mgongoni. Maua mbele. Taa zinawaka. Linakwenda kwa mwendo wa huzuni, na nyuma yake kuna mtu amelala chali, amefunikwa shuka jeupe toka kichwani hadi miguuni.

Mjini Kericho mwendesha baiskeli alishuka, akavua kofia. Kwenye kizuizi cha polisi, askari ambao kila siku huzunguka Morris wakitafuta kosa walikimbia kuondoa vyuma barabarani, wakasimama wima, wakapiga saluti.

"Leo wanatuheshimu," Nyabate akasema kwa mshangao.

"Wanaheshimu gari," Mosoti akamsahihisha.

Walipofika Litein, Nyabate alitazama nyuma. Pikapu ilikuwa inawafuata, taa zimewashwa. Nyuma ya pikapu basi. Nyuma ya basi magari mengine, yote yamewasha taa, yote yanatambaa.

"Baba Kemuma, mbona leo hakuna anayetupita?"

"Wameona ni harusi."

"Na huo wimbo wanaoimba kwenye basi, ni wimbo gani wa harusi unaoimbwa kwa kilio?"

Mosoti alitega sikio. "Labda ni watu wa upande wa Gordon," akasema.

Karibu na Kaplong basi likapiga honi mara tatu na msafara wote ukasimama. Mosoti naye akasimama na kuzima injini, kwa kuwa ni mtu wa adabu. Mwanamume aliyevaa koti zito jeusi alikuja mbio hadi dirishani, akaushika mkono wa Mosoti kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mzee. Najua ni vigumu."

Macho ya Mosoti yakalowa papo hapo. "Asante, ndugu yangu. Ni vigumu kweli. Nyumba itakuwa baridi."

"Tumshukuru Mungu kwa miaka aliyotupa naye."

"Ishirini na sita tu," Mosoti akasema.

Yule mwanamume akaacha kutikisa mkono. "Sisi tumeambiwa tisini," akasema polepole.

Kabla hawajapatanisha hesabu hiyo, akina mama wa basini walikuwa wamefika nyuma ya gari. Kogo mmoja, bibi mzee wa Kikipsigis mwenye kitambaa cheusi kichwani, akafungua mlango wa nyuma, akainua mikono juu na kupiga ukemi uliotikisa ukungu.

Kemuma akaketi. Shuka likaanguka. Uso wake ulikuwa umepakwa poda nyeupe na shela imemwangukia pua.

"Mama," akauliza, "tumefika?"

Nyabate ameshaona mengi, lakini anasema hajawahi kuona watu wengi namna ile wakipungua upesi namna ile. Kwaya ilirudi basini kupitia madirisha. Kogo aliketi barabarani, pwa, miguu mbele. Mwanamume wa koti aliruka mtaro, akatumbukia kwenye shamba la chai, na kwa muda mrefu kilichoonekana ni kofia yake tu juu ya majani, ikielekea Sotik bila kugeuka.

Ikabidi Nyabate ashuke na kupiga makofi kama mwalimu wa chekechea. "Ni harusi! Jameni, ni harusi! Huyu ni mzima! Anaolewa!"

Wakati huo dereva wa gari la maiti, gari halisi, alikuwa anakuja kwa miguu kutoka mkiani mwa msafara, jasho linamtoka kwa hasira.

"Ni nani huyu anatembeza watu?" akafoka. "Mzee wa watu yuko kule nyuma! Nimefuata tangu Kericho nikidhani hili ni gari la familia!"

"Si ungetupita?" Nyabate akasema.

"Nani hupita familia ya marehemu, mama?"

Hapo mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Mwishowe hata kogo, akiwa bado chini, alianza kutikisika mabega. Walipomwinua alimshika Kemuma mashavu, akamtazama kwa makini kuhakikisha, akamtemea mate kidogo kifuani kwa baraka kama wazee wa kwao wanavyofanya. Alisema marehemu kaka yake alikuwa mtu wa utani, na kama angeweza kuamka naye angeamka.

Sasa Morris ikakataa kuwaka. Mosoti alivuta choki, akaibembeleza kwa Kikisii, wapi. Basi waombolezaji wakavua makoti yao meusi, wakaweka mabega nyuma ya gari, wakamsukuma bibi harusi kwa wimbo ule ule wa msiba, ila kwa kasi zaidi. Gari likakohoa, likawaka, likaenda. Kule nyuma wakabaki wakipunga mkono.

Nyabate akatazama saa ya simu. "Baba Kemuma, kanyaga."

"Siti za valvu."

"Kanyaga! Nitakununulia siti hata za sofa!"

Mosoti hakukanyaga. Mguu wake ulikaa juu ya pedali kwa wepesi wa mtu aliyekanyaga kifaranga. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yakimtazama Kemuma akijipangusa poda na kucheka peke yake.

"Unaona ule mti wa msonobari?" akamuuliza. "Hapo ulitapika ukiwa darasa la pili."

"Baba!"

"Na pale kwenye daraja ulitapika darasa la nne. Ulikuwa umekula ndizi. Na hapa, hapa kwenye kona, ulilala na kichwa begani mwangu, nikaendesha mpaka nyumbani kwa mkono mmoja."

"Endesha kwa miguu miwili!" Nyabate akalia. Lori la chai likawapita. Trekta likawapita. Walipokaribia Bomet saa sita ilikuwa imebaki kidogo tu, na Nyabate alikuwa ameshika dashibodi akiisukuma mbele kwa mikono, kana kwamba hilo litasaidia.

Waliingia uwanja wa kanisa Silibwet na kumkuta pasta juu ya pikipiki, helmeti kichwani, injini inanguruma, na Gordon amesimama mbele ya gurudumu akiwa amefumba macho, sijui kwa maombi au kwa woga. Nyabate aliruka kabla gari halijasimama.

"Pasta, zima!"

"Mama, dakika zangu zimeisha."

"Basi chukua zangu. Mimi nina nyingi, nimekaa ndani ya hilo gari nikizikusanya tangu asubuhi."

Pasta alimtazama, akamtazama bibi harusi mwenye madoa ya poda shingoni na alama ya mate kifuani, akazima. Aliwafungisha ndoa akiwa na helmeti kwapani. Alisema maneno yote yanayotakiwa, bila hata moja la ziada, na kila mtu alikiri kwamba hakujawahi kuwa na mahubiri mazuri kama hayo. Kisha akaondoka kwa vumbi.

Wakati wa kula, Nyabate alikuwa anapakua pilau huku akipanga kichwani maneno ya Jumatatu. Mnunuzi wa vyuma alimjua. Namba yake alikuwa nayo. Gari lilimchelewesha mtoto, wakwe walikuwa mashahidi, na Mosoti alikuwa amesema sawa. Ndipo Kepher, ambaye alikuja mapema na watu wa Gordon, akanyoosha sahani yake kwa mara nyingine.

"Shemeji, ongeza nyama. Na mbona mlichelewa hivyo? Barabara imefungwa?"

"Wewe ndiye wa kuulizwa. Wewe na siti zako za valvu. Usikimbize, usikimbize."

Kepher akasahau kutafuna. "Siti gani? Si nilimtilia siti ngumu tangu Pasaka? Petroli hii haiwezi kuzifanya kitu. Nilimwambia, Mosoti, sasa kimbiza utakavyo, hili gari litakuzika wewe." Akamtazama Nyabate usoni. "Hakukuambia?"

Nyabate akaweka mwiko chini.

Alimkuta Mosoti nje, amesimama kando ya Morris, akipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa kimeng'aa. Nyabate alikuwa amekuja na hasira ya safari nzima, ameipanga vizuri, kuanzia Kericho hadi Bomet.

"Kepher ananiambia siti zilibadilishwa Pasaka."

Mosoti akaendelea kupangusa mahali pale pale.

"Anasema leo ungeweza kwenda kama basi. Na mimi nakulilia njia nzima, kanyaga, kanyaga. Pasta ana helmeti kichwani! Mtoto amebaki kidogo arudi nyumbani bila kuolewa! Kwa nini, Mosoti?"

Kutoka ndani ya ukumbi kicheko cha Kemuma kilisikika, katikati ya wakwe zake, kimeshazoea huko. Mosoti aligeuza uso upande huo. Akakunja kitambaa chake mara mbili, akakikunja tena. Na alipojibu, ilibidi Nyabate asogee karibu ili amsikie.

"Ningekanyaga," akasema, "angefika."